Uvimbe wa Mwezi Uliopita Una Umri Gani?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, Moshi

Mheshimiwa Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mliopanda kutoka tambarare kuja kutusikiliza. Wazee wangu, shikamooni. Nawashukuru kwa kunipa nafasi katikati ya mkutano ambao, kwa haki yake, uliitishwa kwa ajili ya bei ya kahawa na malipo ya pili. Ajenda hiyo inasubiri na ninaiona ikinitazama, kwa hiyo nitajitahidi nisile saa yote nikizungumzia saratani.

Kwa wasionifahamu, mimi si daktari. Nimefanya kazi katika maabara ya patholojia kwa zaidi ya miaka 30, kazi ya kupokea vinyama vilivyokatwa kutoka kwenye miili ya wagonjwa, kuviondoa maji, kuvizamisha kwenye nta, kuvikata vikawa vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kuvitia rangi, na kumwekea daktari bingwa chini ya hadubini ili avisome. Wagonjwa karibu wote nimewajua kwa namba, si kwa sura. Lakini kila kinyama huja na fomu yake, na kwenye fomu kuna mstari unaouliza tatizo lilianza lini. Mara nyingi hujazwa "wiki tatu", au "mwezi mmoja", au "tangu Pasaka". Kisha kioo kinawekwa chini ya hadubini, na kinachoonekana pale hakifanani hata kidogo na kitu cha wiki tatu: seli zimepoteza sura ya ukoo wao, viini vyake vimevimba na kukoza rangi, zimepandana ovyo, zimejichimbia njia hadi kwenye nyama ya chini, na zimeshajivutia mishipa yao ya damu. Hiyo ni kazi ya miaka. Aliyejaza fomu hakudanganya. Aliandika siku aliyouona uvimbe. Uvimbe wenyewe ulikuwa na umri ambao hakuna aliyeuhesabu.

Umri huo ndio nilikuja kuuzungumzia, kwa sababu tukikosea tarehe tutakosea na mshtakiwa. Sote tumekaa misibani tukasikia swali lile la chini kwa chini: "Ameipata wapi?" Na kwa kuwa tunahesabu kuanzia siku uvimbe ulipoonekana, tunatafuta kisa kilichotokea karibu na siku hiyo. Aliteleza akajigonga na ndoo kifuani. Alipigwa teke na ng'ombe wakati wa kukamua. Alikula kwenye harusi ya watu asioelewana nao. Mama aliyejigonga kifuani alijipapasa kwa sababu ya maumivu, na mkono wake ukakuta kitu ambacho kilikuwa hapo siku nyingi. Ndoo ilikuwa shahidi tu, lakini sisi tumeifanya mtuhumiwa. Jirani aliyetuhumiwa kwa chakula cha harusi naye huenda hakuwa amehamia kijijini wakati seli ya kwanza ilipoharibika.

Tuanzie basi kwenye seli hiyo. Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30 au zaidi, na, ukiacha chembe nyekundu za damu, karibu kila moja imebeba maandishi ya urithi yenye herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa baba na nyingine kiasi hicho kutoka kwa mama. Ngozi inachakaa, utando wa tumbo unachakaa, damu inachakaa, kwa hiyo seli hugawanyika mchana na usiku kuziba mapengo, na kila inapogawanyika hulazimika kuyanakili maandishi yote hayo upya. Yeyote aliyewahi kuwa karani wa chama hiki, akanakili daftari la wanachama kwa mkono, anajua kwamba makosa hayakosekani. Mwili una wasahihishaji hodari, lakini hata wao huachia kosa moja moja. Mengi ya makosa hayo hayana athari yoyote. Machache huangukia kwenye maneno yanayotawala ugawanyikaji wenyewe, na hapo ndipo safari huanza.

Watu wa huku juu hawahitaji kuelezwa mfongo ni kitu gani. Maji yanateremka kwa mfereji kutoka msituni, kila kihamba, shamba la nyumbani, kina zamu yake, mtu anafungua njia ya maji, saa ikifika anaifunga ili mwenzake naye apate. Seli nazo zinaishi kwa zamu. Zipo jeni, yaani maneno ya maandishi yale, ambazo kazi yake ni kufungua, yaani kuiambia seli igawanyike kwa sababu kuna jeraha la kuziba, na zipo ambazo kazi yake ni kufunga. Jeni ya kufungua ikiharibika ikabaki wazi, seli inaendelea kugawanyika ingawa hakuna aliyeiomba. Kwa jeni za kufunga hali ni tofauti kidogo: tunazo mbili mbili, ya baba na ya mama, na ya kwanza ikivunjika ya pili bado inaweza kuzuia maji. Sharti zivunjike zote mbili. Mwanasayansi wa Marekani, Alfred Knudson, alilionyesha jambo hilo mwaka 1971 kwa hesabu tu, akiwatazama watoto wenye saratani ya jicho, ile ambayo mboni huonekana nyeupe kama jicho la paka gizani. Aliona kwamba watoto waliozaliwa tayari na jeni moja iliyovunjika waliugua mapema, na mara nyingi macho yote mawili, kwa sababu walibakiwa na ajali moja tu. Wengine walihitaji ajali mbili katika seli ileile, hivyo walichelewa na waliugua jicho moja. Nimelitaja hilo pia kwa ajili ya wanaouliza kama saratani ni ya ukoo. Zipo za ukoo kweli, zikiwemo baadhi za titi, lakini kwa jumla zinakadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani zote. Na hata anayerithi harithi saratani yenyewe, anarithi mfongo uliokwisha kupoteza mlinzi mmoja.

Katika walinzi hao kuna mmoja ambaye jina lake ni la kimaabara tu, p53. Kazi yake ni kuona kama maandishi ya seli yamechafuka, kuisimamisha isigawanyike hadi irekebishwe, na ikishindikana, kuiamuru ife. Katika takriban nusu ya saratani zote za binadamu mlinzi huyu amekutwa ameharibika. Sisi tuna nakala mbili za jeni yake. Tembo, hawa hawa wa Tarangire na Amboseli wanaotuvukia mashamba ya chini, wana zipatazo 40. Tembo ana seli nyingi kuliko sisi na anaweza kuishi hata miaka 60, hivyo kwa hesabu ya kawaida angepaswa kuugua saratani kutuzidi mbali. Lakini saratani kwa tembo ni nadra, na nakala zile za ziada zinaaminika kuwa sehemu kubwa ya sababu. Huwa nalifikiria hilo kila ninaposikia wakulima wa Kahe wakimlaani.

Kosa moja, basi, halitengenezi saratani. Yanahitajika kadhaa, yakirundikana katika ukoo mmoja wa seli, mama kwa binti kwa mjukuu, na kila kosa likiupa ukoo huo nafuu kidogo dhidi ya majirani zake. Ndiyo maana saratani nyingi ni za watu wazima. Na ndiyo maana sababu na matokeo huachana kwa miaka mingi kiasi kwamba hawatambuani tena. Mwaka 1775 daktari wa London aitwaye Percivall Pott aliandika kuhusu saratani ya mfuko wa korodani kwa watu waliokuwa wakisafisha mabomba ya moshi wa majiko. Walianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo, wakipenya mabomba membamba huku masizi yakijipaka kwenye mikunjo ya ngozi; ugonjwa uliwapata walipokuwa wanaume. Pott ndiye wa kwanza kuonyesha kwamba kitu cha nje, kinachoshikika kwa mkono, kinaweza kuleta saratani. Angehesabu kuanzia siku kidonda kilipotokea, asingeyaona masizi kabisa.

Sasa niwaombe mtazame kikombe hiki. Kilimiminwa kutoka kwenye chupa ya chai wakati Mwenyekiti akinitambulisha, nami nikatumbukiza kipimajoto: nyuzi 78. Sasa hivi, baada ya maneno yote haya, kinasoma 61. Nakileta kwenye hotuba kwa sababu saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, imeandama ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kuteremka hadi Afrika Kusini, na mkoa wetu umo ndani yake. Uchunguzi uliofanyika hapa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwapima watu wakinywa chai kama walivyozoea, ukakuta kwamba walianza kunywa ikiwa na wastani wa nyuzi 70 na kidogo. Waliokunywa chai ya maziwa waliinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, maana ya maziwa hupoa polepole. Mwaka uliofuata Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Neno hilo "yamkini" lisieleweke vibaya. Linapima uzito wa ushahidi, halisemi hatari ni ndogo au kubwa. Kaskazini mwa Iran, katika jimbo la Golestan, ambako saratani hiyo imeenea na watu ni wanywaji wakubwa wa chai, walioinywa ya moto sana ndio waliougua zaidi. Kosa si la majani ya chai wala la maziwa. Ni la moto.

Moto unafanya nini? Ukuta wa ndani wa umio umetandikwa tabaka za seli bapa, na tabaka la chini kabisa ndilo linalozaa nyingine. Kila unapoungua, hata kwa kiasi usichokisikia tena kwa mazoea, seli za juu hufa na zile za chini hulazimika kugawanyika ili kuziba. Mara moja si kitu. Mara tatu kwa siku, kwa miaka 30, ni kuliamuru tabaka lile linakili maandishi yake maelfu ya mara zaidi ya ilivyohitajika, huku kuta zilizochubuka zikiruhusu sumu nyingine kupenya kwa urahisi: moshi wa sigara, ugoro, pombe, na moshi wa kuni uliojaa jikoni. Ndiyo maana sipendi mtu anaposema amegundua sababu moja ya saratani ya umio wa Kilimanjaro. Chai ya moto inafungua mlango, na wanaoingia ni wengi.

Chini ya hadubini hatua zake zinasomeka kama ngazi. Kwanza kuna uvimbe wa kawaida wa kuungua. Kisha seli changa, ambazo zilipaswa kubaki chini, zinaanza kuonekana katikati ya ukuta, halafu karibu na juu, zikiwa na viini vikubwa na mpangilio uliovurugika. Lakini bado zimekaa juu ya utando mwembamba sana unaozitenga na nyama ya chini. Mstari ule ndio tuliokuwa tukiutafuta kwa macho kila siku ya kazi. Wakati seli hazijauvuka, hata ziwe mbaya namna gani, hiyo haijawa saratani inayosambaa, na zikiondolewa zimeondoka. Zikitoboa na kushuka, jina linabadilika na tiba inabadilika.

Mgonjwa mwenyewe hasikii chochote katika ngazi zote hizo. Umio ni mpira unaotanuka, kwa hiyo uvimbe huweza kukua sana kabla njia haijabana. Anaanza kuacha nyama choma, anasema meno yamechoka. Baadaye anaacha kiburu, ndizi na maharage, anataka supu laini ya mtori tu, na familia inafurahi kwamba mzee anapenda mtori. Anapofika kukwama na mtori, uvimbe umeshakula sehemu kubwa ya njia, na kwenye fomu panaandikwa "mwezi mmoja".

Wapo adui wengine ambao hawachomi, wanaingia na kumwondoa mlinzi kazini. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo akina mama wa nchi yetu wanaifahamu kwa uchungu kuliko nyingine, huletwa karibu yote na kirusi cha papiloma kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake waliitambua aina ya 16 ya kirusi hicho ndani ya saratani hiyo mwaka 1983, kisha aina ya 18. Hizo mbili peke yake zinabeba takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Kirusi hiki kinatengeneza protini mbili zinazohusika hapa. Moja inamharibu p53, yule mlinzi wetu wa tembo, na nyingine inalemaza jeni ileile ya kufunga ambayo Knudson aliikisia kwa watoto wa macho meupe. Saratani ni nyingi, lakini milango ya mfongo inayovunjwa ni ileile.

Wanawake wengi wanaoambukizwa kirusi hiki hukitoa mwilini wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila kujua. Kwa wachache kinabaki, na kwa hao inachukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani, au miaka 5 hadi 10 ikiwa kinga ya mwili imedhoofika, kwa mfano kwa VVU visivyotibiwa. Hebu tuitafakari miaka hiyo kwa makini, maana ni umri wa mtoto kuzaliwa hadi kumaliza kidato cha nne, na muda wote huo mabadiliko yanaonekana kwa anayetazama. Muuguzi anapaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na sehemu yenye seli zilizobadilika inageuka nyeupe. Hakuna mashine kubwa, hakuna kulala. Sehemu hiyo inaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa tiba mgando, yaani kuigandisha kwa baridi kali hadi seli zile zife. Nimeona vioo vya akina mama waliofika mstari wa utando haujavukwa, na vya waliofika baada ya kuvukwa, na baina yao mara nyingi tofauti ilikuwa siku moja ya kwenda kliniki miaka kumi nyuma. Chanjo ya kirusi hiki ilitolewa kwa majaribio kwa wasichana wa mkoa wetu kuanzia 2014, ikaenea nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabinti wa Kilimanjaro waliochomwa ile ya mwanzo leo wengi wao wana miaka ishirini na kitu. Wapo humu ndani, nadhani.

Vyanzo vingine nitavipitia haraka, si kwa kuwa ni vidogo. Sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hushambulia ini. Kwa wingi huua upesi, kama ilivyowaua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na kwa uchache wa kila siku hugonga mahali palepale ndani ya jeni ya p53, na hatari yake huongezeka sana kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Kichocho cha mkojo, kwa wanaoingia majini, huacha mayai kwenye ukuta wa kibofu ambayo huuchokoza miaka nenda rudi. Vumbi la mawe lenye silika huleta saratani ya mapafu, na vijana wetu wanaoshuka mashimo ya Mererani bila barakoa wanalivuta kwa saa nyingi. Mionzi ya jua hugandisha herufi mbili za maandishi ya seli zikashikamana. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna mwavuli wa kuzaliwa nao, wenzetu wenye ualbino hawana, na ndiyo maana mafuta ya kukinga jua yanatengenezwa pale hospitali ya KCMC kwa ajili yao. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 60 zinazojulikana kuleta saratani. Kuhusu pombe, ikiwemo mbege, naona baadhi ya macho yameinama, kwa hiyo niseme kwa kifupi: mwili unapoivunja hutengeneza kemikali inayoharibu maandishi ya seli, nayo haijali kama ilitoka kwenye ulezi na ndizi au kwenye chupa ya dukani.

Na baada ya kuyataja yote hayo, naomba nisieleweke kwamba kila mgonjwa amejiletea. Makosa ya kunakili hutokea hata kwa mtu asiyevuta, asiyekunywa, anayekula mboga za kihamba chake. Nimeshuhudia jamaa wakimhoji mgonjwa kitandani kama polisi. Huko nako ni kutafuta mshtakiwa.

Seli ikishafunguka, hesabu yake ni rahisi kama ya mtoto wa darasa la pili. Moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne. Ikijirudufu mara 10 zinakuwa 1,024. Mara 20 zimefika milioni moja, na milioni moja ya seli haionekani kwa macho ya kawaida isipokuwa kama nukta. Mara 30 ni bilioni moja, na hapo una uvimbe wa kiasi cha sentimita moja, wa ukubwa wa punje ya kahawa iliyonona, ambao mkono makini unaweza kuugusa. Mara 10 nyingine tu na umefika kilo moja, mzigo ambao miili michache inaweza kuubeba. Maana yake ni kwamba siku unayougusa uvimbe kwa mara ya kwanza, umeshaishi robo tatu ya maisha yake. Hesabu halisi si nyoofu hivyo, kwa sababu seli nyingi za uvimbe hufa njiani na nyingine hupumzika, lakini hilo linazidi kuurefusha umri, haliufupishi.

Uvimbe pia hauwezi kupita ukubwa wa milimita moja au mbili bila kupata damu yake. Daktari wa upasuaji wa Marekani, Judah Folkman, alisema hivyo mwaka 1971 na wengi hawakumwamini: kwamba uvimbe hutoa ishara za kuita mishipa mipya ya damu ije kuulisha, kama mtu anayechepusha mfongo usiku. Mishipa ikifika, inaleta chakula, na vilevile inakuwa barabara ya kutokea. Seli zinajipenyeza, zinasafiri kwa damu au kwa njia za limfu, na nyingi mno hufa safarini. Chache zinazofika haziangukii popote. Mwingereza Stephen Paget, mwaka 1889, alichunguza kumbukumbu za wanawake waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba viungo havishambuliwi kwa bahati nasibu, akalinganisha seli na mbegu na kiungo na udongo. Kwa mkulima hilo ni jambo la kila msimu: mche wa kahawa unaomea vizuri huku juu hausitawi kwenye joto la tambarare. Saratani ya titi hupenda mifupa, mapafu, ini. Ya tezi dume hupenda mifupa ya mgongo na nyonga, na ndiyo maana mzee mwenye maumivu ya kiuno yasiyoisha usiku asipewe tu dawa ya kuchua mwaka mzima.

Nimesema muda wote kwamba saratani huwa na umri mrefu. Ipo inayonipinga, nami siwezi kuificha. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, akifanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya kwa watoto ambao unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Hapo neno "wiki tatu" kwenye fomu ni la kweli kabisa. Burkitt alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini akiuliza hospitali moja baada ya nyingine, akaona kwamba uvimbe ule haupendi miinuko ya baridi. Unafuata nchi za joto na mvua, kule malaria iliko. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona kirusi ndani ya seli zake. Malaria ya mara kwa mara huichosha na kuichokoza kinga ya mtoto, kirusi kinapata nafasi, na ajali moja katika maandishi inamalizia. Mtoto wa tambarare anayevimba taya asisubirishwe kwa kudhaniwa ana jino, kwa sababu saratani hii inayokimbia kuliko zote ni mojawapo ya zile zinazoitikia dawa vizuri zaidi zikiwahiwa.

Nimebakiza jambo moja, nalo ndilo linaloniuma kama mtu wa maabara. Husemwa kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa, na kwamba kutoa kinyama ni kuiamsha. Naelewa imani hiyo ilikotoka. Watu walifika wakiwa wamechelewa, wakapasuliwa, daktari akakuta imeenea tumboni, akashona tena, na baada ya wiki chache mgonjwa akafariki. Waliobaki nyumbani waliona kisu, kisha waliona kifo, wakaunganisha. Ni kosa lilelile la tarehe. Ilikuwa imeenea kabla kisu hakijatoka kwenye sanduku. Kwa ukweli wa kazi, seli kubaki kwenye njia ya sindano hutokea kwa nadra sana katika baadhi ya uvimbe, na madaktari wanajua hilo, hivyo hupanga sindano ipite mahali patakapokatwa pamoja na uvimbe. Kwa upande wa pili, bila kinyama hakuna anayeweza kusema kama ni saratani au ni kifua kikuu cha tezi, kama ni ya aina inayotaka tibakemikali au mionzi au upasuaji peke yake. Zaidi ya mara moja nimesoma fomu iliyoandikwa "kansa?" na kioo kikaonyesha kifua kikuu, ugonjwa unaopona kwa vidonge.

Kwa hiyo ukifika siku moja mbele ya muuguzi na fomu, akakuuliza tatizo limeanza lini, usimtajie tu siku uvimbe ulipoonekana. Mwambie ni lini uliacha nyama choma. Mwambie ni lini ulianza kutokwa na damu kidogo baada ya tendo ukanyamaza, ni lini kidonda kilikataa kupona, ni lini suruali ilianza kulegea kiunoni. Anayesoma kioo anaisoma pia fomu, na mistari hiyo humsaidia kujua anatazama nini.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Maswali nitayajibu nje, chini ya ule mgrivea, ili malipo ya pili yasichelewe zaidi.